Kengele za King's Landing: watazamaji wa Game of Thrones walikasirikia nini hasa katika sehemu ya pili kutoka mwisho?

Mkesha wa Jumatatu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, uzi huu unaeleza yote yaliyotokea hadi mwisho wa tamthilia, hivyo ambaye hajaimaliza ni vyema auache kwanza.

Tangu House of the Dragon, tamthilia ya visa vilivyotangulia vya ulimwengu huo huo, ianze kurushwa mwaka 2022, tumepata wenzetu wengi wapya ambao wameirudia Game of Thrones kuanzia msimu wa kwanza. Karibu kila mmoja wao akifika kwenye sehemu ya tano ya msimu wa nane huja hapa kuuliza kwa nini watu walikasirika kiasi kile, na wapo wanaouliza kwa nini hawakukasirika zaidi. Majibu wanayopewa ni mafupi mno: "waliharakisha", "waliiharibu", "Daenerys alisingiziwa". Naomba safari hii tuyatenganishe malalamiko hayo, kwa sababu mtu aliyechukizwa na kifo cha Jaime, kaka na mpenzi wa Malkia Cersei, hakuwa na hoja moja na mtu aliyechukizwa na kuchomwa kwa mji.

Sehemu hiyo inaitwa "The Bells". Kituo cha HBO cha Marekani kiliirusha usiku wa Jumapili tarehe 12 Mei 2019, na kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Iliandikwa na David Benioff na D. B. Weiss, ikaongozwa na Miguel Sapochnik, yule yule aliyetuongozea vita vya Jon na Ramsay katika msimu wa sita. Usiku ule HBO ilihesabu watazamaji wapatao milioni 18.4 nchini Marekani katika njia zake zote, na juma lililofuata sehemu ya mwisho ikapata milioni 19.3. Waliokasirika, basi, hawakuondoka. Walirudi wakiwa na hasira zao, na ombi la mtandaoni la kutaka msimu mzima uandikwe upya na watu wengine likaendelea kukusanya saini hadi zikapita milioni moja na nusu.

Kwa ufupi, mambo yalikwenda hivi. Daenerys Targaryen, malkia mwenye majoka, anataka kuitwaa King's Landing, mji mkuu ulioshikwa na Malkia Cersei Lannister. Varys, mshauri wa Daenerys, anajaribu kumgeuka na anachomwa moto. Jon, mpenzi wa Daenerys, anashindwa kumpenda kama zamani baada ya kujua kwamba wao ni ndugu wa damu, na Daenerys anamwambia kwamba kama katika nchi hii hana upendo wa watu, basi na iwe hofu. Asubuhi ya vita anashuka na joka lake Drogon kutoka upande wa jua, anaziteketeza meli za Euron, mshirika wa Cersei, anaivunja mizinga ya mishale iliyopangwa juu ya kuta, analipasua lango la mji kutoka ndani, na mamluki wa Golden Company wanamalizwa kabla hawajapigana. Askari wa Lannister wanatupa panga chini. Kengele za kusalimu amri zinalia. Vita vimekwisha. Daenerys anaitazama ngome ya Red Keep, uso wake unabadilika, kisha anaruka na kuanza kuchoma mitaa yenye raia, barabara baada ya barabara.

Hoja yangu ni kwamba tatizo la sehemu hii halikuwa tendo lenyewe. Mbegu za tendo hilo zilipandwa kwa miaka minane. Aliwatundika misalabani mabwana wa watumwa 163 wa mji wa Meereen bila kuuliza nani alikuwa na hatia, na baadaye Hizdahr, mmoja wa wakuu wa mji ule, alikuja kumweleza kwamba baba yake, aliyekuwa miongoni mwao, ndiye aliyepinga ukatili ule wa kuwasulubu watoto wa watumwa. Aliwachoma makhali wote, wakuu wa wapanda farasi wa Dothraki, ndani ya hekalu lao. Aliwachoma Randyll Tarly na mwanawe Dickon kwa sababu walikataa kupiga magoti. Mtu aliyeyatazama hayo yote hawezi kusema kwamba moto ulitoka mahali pasipojulikana.

Tatizo ni kwamba tulipewa sababu mbili za tendo hilo, na sababu hizo zinapingana. Ya kwanza ni ile aliyomwambia Jon kabla ya vita, kwamba amechagua hofu kuwa njia ya kutawala. Hiyo ni sababu ya mtu mwenye akili timamu, ya kikatili lakini yenye hesabu. Ya pili ni ile aliyoieleza Weiss katika kipindi kifupi cha maelezo kilichofuata, kwamba hakuwa ameamua kabla, bali alipoiona ngome iliyojengwa na ukoo wake, alama ya kila alichonyang'anywa, ndipo jambo likawa la binafsi. Hiyo ni sababu ya mtu aliyezidiwa. Kama ni ya kwanza, basi uso ule wenye machozi na pumzi za kuhema hauna maana. Kama ni ya pili, kwa nini hakuruka moja kwa moja hadi Red Keep, alikosimama Cersei dirishani, badala ya kuanza na wauza samaki na watoto? Kila mtazamaji alishika sababu moja kati ya hizo mbili, akamshangaa mwenzake aliyeshika nyingine, na nadhani ugomvi wetu wote umetoka hapo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha. Tangu anaporuka baada ya kengele hadi sehemu inakwisha, hatuuoni tena uso wa Daenerys. Tunaona kivuli cha joka, tunaona moto, tunasikia mngurumo. Tamthilia iliyotufundisha kumsoma mwanamke huyu kwa macho yake tangu alipokuwa msichana aliyeuzwa kwa Khal Drogo ilituondolea macho hayo katika saa tuliyoyahitaji kuliko zote. Sapochnik alifanya hivyo kwa makusudi, na ninaelewa kwa nini, lakini nasimama na wale waliosema kwamba tulinyimwa.

Karibuni.

Binti wa Likoni

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kulifungua jambo hili kwa staha, na naomba kutofautiana nawe mahali pamoja tu. Umetaja Meereen, makhali na akina Tarly kuwa mbegu. Mimi naona hizo ni mbegu za mti mwingine. Watu wote uliowataja walikuwa watu wenye nguvu: mabwana wa watumwa, wababe wa vita, wakuu wa koo walioshika silaha dhidi yake. Kuwa mkatili kwa mwenye nguvu ni jambo moja, na kumchoma mama aliyebeba mtoto ni jambo jingine.

Kumbuka mji wa Astapor katika msimu wa tatu. Alipowaamuru askari wake Unsullied wawaue mabwana na kila mwanamume mwenye mjeledi, aliongeza amri kwamba asidhuriwe mtoto yeyote. Kumbuka pia mwisho wa msimu wa nne. Baba mmoja anakuja mbele yake na mifupa iliyoungua ya binti yake mdogo aliyeuawa na Drogon. Daenerys halii kwa kelele, hatoi hotuba. Anawachukua majoka yake mengine mawili, Viserion na Rhaegal, anawaingiza pangoni na kuwafunga minyororo shingoni, huku wakimlilia kama watoto, na anatoka akibubujikwa na machozi. Mwanamke huyo aliwafunga watoto wake mwenyewe kwa ajili ya mtoto mmoja asiyemjua. Ukitaka nimwamini yule wa msimu wa nane anayechoma maelfu ya watoto baada ya adui kusalimu amri, huna budi kunionyesha njia aliyopita kutoka pango lile hadi ukuta ule. Njia hiyo haikuonyeshwa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Juma moja kabla, Missandei alikatwa kichwa akiwa amefungwa minyororo. Mwanamke aliyekuwa mtumwa, aliyewekwa huru, mwanamke mweusi pekee aliyekuwa na nafasi ya maana katika hadithi hii iliyojaa watu, alirudishwa kwenye minyororo ili afe na kumpa mtu mwingine hasira. Wengi wetu tulikwisha kuvunjika moyo kabla hata kengele hazijalia. Kisha tukaambiwa kwamba malkia amepoteza rafiki, amepoteza joka, amekataliwa na mpenzi, kwa hiyo ameharibikiwa akili. Mfalme Robert Baratheon alimpoteza mchumba wake Lyanna na hakuna aliyetuambia kwamba wanaume hawafai kutawala kwa sababu mioyo yao huvunjika. Tyrion, ndugu yao Cersei na Jaime, alimpiga baba yake kwa mshale akiwa chooni na bado alibaki kuwa mshauri tunayetakiwa kumsikiliza. Sisemi kwamba waandishi walikusudia kuwatusi wanawake. Nasema kwamba, baada ya kuufupisha msimu, sababu pekee zilizobaki kwenye skrini zilikuwa ni zile za upweke na kukataliwa, na hizo ndizo sababu ambazo wanawake wenye madaraka wamesingiziwa tangu zamani.

Mpigapicha

Wakuu, mimi nitazungumzia upande wa kazi yenyewe, kwa sababu katika hasira zile kulikuwa na watu waliosema kwamba sehemu hii ni mbovu kwa kila kipimo, na hilo si haki.

Kwa miaka mingi King's Landing ilipigwa picha katika mji wa kale wa Dubrovnik, Kroatia. Mji ule hauwezi kuchomwa, kwa hiyo kwa msimu wa nane walijenga mitaa yake upya kwenye uwanja wa studio za Titanic mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, wakaijenga ili waivunje. Ndiyo maana vumbi lile, mawe yale na watu wale wanaoungua wana uzito. Tazameni namna kamera inavyomfuata Arya katika uchochoro: iko kwenye kimo cha bega lake, inaanguka anapoanguka, inakanyagwa anapokanyagwa. Maisie Williams, anayemwigiza Arya, ana maneno machache sana kwa muda wote huo, na bado tunajua kila anachokiwaza.

Mleta mada anasema tulinyimwa uso wa Daenerys. Mimi nasema tulipewa nyuso nyingine. Kwa misimu saba tulivitazama vita kutoka juu, kutoka kwenye kilima cha makamanda au mgongoni mwa joka, na tulishangilia. Msimu wa saba, Drogon alipouchoma msafara wa Lannister, ni wangapi kati yetu waliopiga makofi? Safari hii kiongozi wa picha akaamua kwamba hatutapanda mgongoni. Tutabaki chini, pamoja na wasio na majina, na joka litakuwa kwetu kama lilivyokuwa kwao, kitu kinachopita juu na kuua. Anayeungua hamwoni rubani. Kama angekatiza kila baada ya dakika mbili kutuonyesha uso wa malkia ukihuzunika, tungerudi kumwonea huruma yeye, na mama yule mwenye binti mwenye farasi wa mti angekuwa pambo tu.

Nitaongeza jambo ambalo liko nje kidogo ya hadithi. Dubrovnik yenyewe, yenye kuta zile tulizozizoea, ilizingirwa na kupigwa mizinga na jeshi la Yugoslavia kuanzia Oktoba 1991, na mapaa ya mji wa kale yaliteketea kweli. Sijui kama waandaaji walilifikiria hilo, lakini mimi siwezi kuitazama sehemu hii bila kulikumbuka.

Hata hivyo, ipo kasoro moja ambayo siitetei. Katika sehemu ya nne, Euron alimwangusha Rhaegal kwa mishale mitatu kutoka kwenye meli iliyokuwa ikiyumba. Katika sehemu ya tano, mizinga ile ile, ikiwa mingi zaidi na imesimama juu ya mawe imara, haikumgusa Drogon hata kidogo. Kushuka kutoka upande wa jua kunaeleza shambulio la kwanza, hakuelezi yaliyofuata. Mtazamaji anaweza kukubali joka, lakini hakubali silaha iliyokuwa na shabaha jana na leo imeipoteza kwa kuwa hadithi imehitaji hivyo.

Msomaji wa Usiku

Naona wote tunazungumzia kengele na hakuna aliyerudi kwenye msimu wa pili, ambako kengele hizi zililia kwa mara ya kwanza katika vita.

Sehemu ya tisa ya msimu wa pili, "Blackwater", iliandikwa na George R. R. Martin mwenyewe, mtunzi wa vitabu vya hadithi hii. Meli za Stannis, anayedai kiti cha enzi, zinapokaribia King's Landing, kengele za mji zinapigwa. Mwana wa Davos, kamanda wa meli hizo, anadhani huenda mji unataka kusalimu amri, na Davos anamjibu kwamba hajawahi kujua kengele kuwa ishara ya kusalimu amri. Ndani ya mji, Varys anamwambia Tyrion kwamba amezichukia kengele siku zote, kwa kuwa hulia kwa ajili ya mambo ya kutisha, mfalme aliyekufa au mji uliozingirwa. Miaka saba baadaye, katika mji ule ule, Tyrion anawaambia wenzake kwamba kengele zikilia maana yake mji umesalimu amri, na Davos yupo hapo hapo kwenye jeshi. Kuna watu waliliona hilo kama kosa la waandishi. Mimi naliona kama jambo zuri kuliko yote katika sehemu hii, hata kama halikukusudiwa, kwa sababu Tyrion alijenga mpango wake wote juu ya ishara ambayo mji wenyewe haukuwahi kuitumia hivyo, na Varys, aliyezichukia kengele, alikuwa ameshageuka majivu kabla ya vita.

Jambo la pili ni la desturi. Hasira ya 2019 haieleweki bila kukumbuka kile ambacho sehemu ya pili kutoka mwisho ilikuwa imetuzoesha. Mwaka 2011 Ned Stark alikatwa kichwa katika sehemu ya tisa, mtu ambaye picha yake ndiyo iliyokuwa kwenye matangazo. Mwaka 2013 ikaja harusi ya damu, ambapo Robb mwana wa Ned, mkewe na mama yake waliuawa mezani kwa wenyeji wao. Mwaka 2015 Stannis akamtoa binti yake Shireen achomwe moto. Mara zote hizo watu walilia, walirusha vitu, waliapa kwamba hawatatazama tena. Lakini tulipotulia na kurudi nyuma, tulikuta kila hatua ilikuwa imewekwa mahali pake: Ned aliyemweleza Cersei siri yake kwa kumwonea huruma, Robb aliyevunja ahadi ya ndoa na Walder Frey. Tuliumizwa na watu waliotuheshimu. Malalamiko ya "The Bells" hayakuwa ya watu waliochoka kuumizwa. Yalikuwa ya watu waliorudi nyuma kutafuta hatua, kama walivyozoea, na safari hii wakakuta nyingine hazipo.

Mkesha wa Jumatatu (mleta uzi)

Mmenipa mengi. Dada Binti wa Likoni, mfano wako wa pangoni ni mzito na sitaki kuupita juu juu. Hata hivyo, nitazame upande wake wa pili. Alipowafunga Viserion na Rhaegal, Drogon hakuwapo. Alikuwa ametoroka, na ndiye aliyemuua yule mtoto. Aliwaadhibu wasiohusika kwa sababu mhusika alikuwa nje ya uwezo wake. Na katika msimu wa tano, Barristan, mlinzi wake mkuu, alipouawa na waasi wa siri wa Wana wa Harpy, aliwakusanya wakuu wa familia za Meereen na kumtoa mmoja aliwe na majoka, huku akikiri kwamba hajui kama ana hatia au la. Nakubaliana nawe kwamba walikuwa watu wenye nguvu. Lakini kanuni ya kwamba anayekufa si lazima awe ndiye aliyekosa ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Mahali ninapokubaliana nawe kabisa ni kwenye njia. Tamthilia nzima ina sehemu 73. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kumi, wa saba ukawa na saba, wa nane ukawa na sita. HBO ilikuwa tayari kuendelea zaidi. Ni Benioff na Weiss walioamua kwamba hadithi iliyobaki inatosha kwa idadi hiyo. Kwa sababu hiyo, Rhaegal na Missandei wanauawa ndani ya sehemu moja, na juma linalofuata Daenerys anaonekana akiwa hajala, nywele zimevurugika, na sisi tunatakiwa tujaze wenyewe siku zote zilizopita katikati. Katika misimu ya mwanzo, safari ya barabarani ya Arya na Sandor ilipewa msimu mzima. Anguko la mhusika mkuu wa kike likapewa sehemu moja na nusu.

Ndugu Mpigapicha, hoja yako ya rubani imenigusa, na naiona nguvu yake. Ninachokipinga ni kwamba ilikuwa lazima tuchague. Mitaa ingebaki mitaa. Mtazamo mmoja tu wa uso wake, mwishoni, baada ya moto kuisha, usingemwibia mama yule chochote. Ungetuambia kama malkia ameridhika, au ameshtuka, au hajaona kitu. Hilo moja lingemaliza ugomvi wa sababu mbili nilioutaja.

Mwalimu wa Zamu

Nami naomba nilete lalamiko la Jaime, maana naona limeachwa. Huyu ni mtu aliyemuua Mfalme Kichaa, Aerys, baba yake Daenerys, kwa sababu mfalme aliamuru mji mzima uchomwe kwa moto wa kijani uliofichwa chini ya mitaa. Alimweleza Brienne, mwanamke mpiganaji, siri hiyo bafuni katika msimu wa tatu, na kuanzia hapo tulimwona upya. Katika "The Bells" anasema kwamba hakuwahi kuwajali sana watu wa mji ule, wawe na hatia au wasiwe nayo. Sentensi hiyo moja inafuta tendo kuu la maisha yake. Kurudi kwa Cersei naweza kukukubali. Watu hurudi kwa waliowazoea hata wakijua kwamba watakufa nao. Sentensi ile siwezi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu hii yenyewe ilikuwa na nafasi ya kuyaunganisha hayo. Mji unapoungua, milipuko ya kijani inaonekana kati ya nyumba: ni akiba ile ile ya Aerys, ambayo Jaime aliizuia isilipuliwe, sasa inalipuka kwa moto wa binti wa Aerys. Jaime yuko hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna anayemfanya aone. Anapigana na Euron ufukweni, pigano ambalo nadhani wengi wetu tungelitoa kwa hiari ili tupate dakika moja ya Jaime akiutazama moto wa kijani.

Mzazi Mtazamaji

Mimi nataka kuwasemea watu ambao walichekwa sana wakati ule, nao ni wazazi. Kwa takwimu za serikali ya Marekani, mwaka 2018 pekee wasichana 560 walipewa jina la Khaleesi, cheo alichoitwa Daenerys, nchini humo, na wengine wakaitwa Daenerys. Mei 2019 ilipofika, watoto hao walikuwa hawajatimiza miaka miwili, na mitandao ikajaa kejeli dhidi ya mama zao.

Sioni cha kuchekesha. Mtu humpa mtoto jina la kile anachokitumainia. Wazazi wale walimwona msichana aliyeuzwa na kaka yake, akapigwa, akafiwa na mume na mtoto, akatembea ndani ya moto na kutoka akiwa na majoka matatu, kisha akaenda kuvunja minyororo ya watu wengine. Walitoa jina wakati hadithi ilikuwa inawaambia kwamba huyu ni mkombozi. Hasira ya watu kama hao haikuwa ya ushabiki wa kitoto. Ilitokana na kumtumainia mtu kwa miaka minane, na kutumaini ndiko hadithi yenyewe ilikokuwa imewaomba.

Lakini pia najiuliza kama hapo hapo ndipo palipo na ukweli wa sehemu hii. Katika sehemu ya mwisho, Tyrion akiwa kifungoni anamkumbusha Jon kwamba Daenerys alipowaua mabwana wa Astapor hakuna aliyelalamika isipokuwa mabwana wenyewe, kwamba kila alikokwenda watu waovu walikufa na sisi tulimshangilia, na kila mara alizidi kuamini kwamba yeye ni mwema na ana haki. Nilipoyasikia maneno yale nilihisi kwamba anatuambia sisi tuliokaa mbele ya runinga.

Binti wa Likoni

Ndugu Mzazi, umeligusa neno ambalo nilikuwa nalitafuta, na ndilo linalonifanya nikubaliane na mleta mada kwa nusu iliyobaki. Maelezo ya Tyrion ni sababu ya tatu, tofauti na zile mbili zilizotajwa mwanzoni mwa uzi. Si hofu iliyopigiwa hesabu, si moyo uliovunjika. Ni imani: kwamba ulimwengu mpya anaoujenga ni mwema kiasi kwamba yeyote asiyemshangilia amekwisha kuchagua upande. Na katika sehemu ya mwisho yeye mwenyewe anamwambia Jon kwamba Cersei alitaka kutumia watu wale wasio na hatia kama silaha dhidi yake. Huyo ninamwamini. Huyo nilimwona tayari pale Yunkai, watumwa waliowekwa huru walipombeba juu ya mikono yao wakimwita mama, naye akalipokea jina hilo kana kwamba alizaliwa nalo. Watu wa King's Landing hawakumwita mama. Walijifungia milango na kumwogopa.

Kama sababu hiyo ingekuja kabla ya kengele, ninaamini nusu ya hasira ya 2019 isingekuwepo. Mahali pake palikuwepo. Katika sehemu hiyo hiyo ya tano, Tyrion anamsihi Daenerys ausamehe mji endapo utasalimu amri, wakiwa wawili kwenye chumba cha kiti cha enzi cha ngome ya Dragonstone, na Grey Worm, kamanda wa Unsullied, amesimama kando. Daenerys anajibu kwamba huruma yao ni kwa vizazi vijavyo, ambavyo havitatawaliwa tena na dhalimu. Jibu hilo ndilo ufunguo, na limepita kwa sentensi moja, halafu wanaendelea na habari za kukamatwa kwa Jaime. Hapo ndipo Tyrion alipopaswa kuzungumza yale aliyoyasema kifungoni, uso kwa uso na mwenyewe badala ya kumwambia Jon juma moja baadaye, na Daenerys apewe nafasi ya kumjibu kwa kirefu, kwa hoja zake zote, hadi sisi wenyewe tuone kwamba baadhi yake ni zile zile tulizozishangilia Astapor. Kisha waende vitani, na kengele zilie.